Naombeni ushauri: joto linawamaliza wasichana wangu kwenye bonanza

Wakuu, habari zenu, na wakubwa shikamooni. Nafundisha timu ya soka ya wasichana chini ya miaka 17 hapa Tanga. Mwezi ujao tuna bonanza la siku mbili, mechi tatu kwa siku, na nina hofu.

Bonanza lililopita, mechi ya saa saba mchana, beki wangu wa kati alianza kuyumba. Namwita, ananitazama tu kama hanijui. Kumshika shingoni, anawaka moto. Tulimlaza chini ya mwembe, tukammwagia ndoo mbili za maji huku tukimpepea kwa kanga, akarudi taratibu, tukamkimbiza zahanati. Tangu siku ile silali vizuri.

Jasho hupoza mwili linapokauka. Huku Pwani hewa ina unyevu, jasho linatiririka tu hadi kwenye soksi. Na joto la mechi ya kwanza wanaingia nalo ya pili. Kombe la Dunia la 2014 kule Brazil mchezo ulisimamishwa wachezaji wanywe maji. Nitawaomba waandaaji nasi tufanye hivyo.

Sasa, kati ya mechi na mechi tuna nusu saa. Kipi kinapoza haraka: taulo za barafu shingoni, au kuzamisha mikono hadi viwikoni kwenye beseni la maji baridi? Uwanjani hakuna umeme, barafu nitanunua soko la samaki. Aliyewahi kusimamia timu kwenye joto kama hili anieleze alivyofanya.