Tupeane uzoefu: kona za lipu zilizobomoka, mlizitengenezaje?

Mwanzisha mada (Morogoro)

Ndugu zangu, tulipokuwa tukihamisha kabati wakati wa ukarabati, mguu wake uligonga kona ya korido na kipande cha lipu chenye ukubwa wa kiganja kikadondoka. Siku ileile nilijaza pengo kwa saruji na mchanga, nikalainisha kwa mwiko, na baada ya siku 3 nikapaka rangi. Wiki ya pili kiraka kilibanduka chote kwa pamoja, na nyuma yake nikakuta vumbi jekundu la tofali la kuchoma. Naomba waliowahi kutengeneza kona wenyewe, au waliosimamia fundi akitengeneza, waeleze walichofanya na kilichowashinda.

Mchangiaji wa Tanga

Pole sana. Mimi ni fundi ujenzi, na kosa hilo nililifanya mara nyingi nilipokuwa nikijifunza kazi. Tofali kavu hunywa maji ya mchanganyiko kabla saruji haijashika, na vumbi nalo huzuia lipu mpya isigusane na ukuta. Siku hizi naanza kwa kugonga kuzunguka pengo kwa mpini wa nyundo, na kila panapolia kama debe tupu napaondoa kwa patasi, hata kama rangi yake bado inavutia na mwenye nyumba amenuna. Kisha nasafisha kwa brashi ya waya, namwagia maji mpaka ukuta uwe na unyevu usiotiririka, napaka rojo la saruji, na kabla rojo halijakauka nabandika mchanganyiko wa saruji ndoo 1 kwa mchanga uliochekechwa ndoo 4.

Ukingo wenyewe hauchongwi kwa jicho. Nashikiza ubao mnyoofu upande mmoja wa kona, naupima kwa timazi (uzi wenye kitu kizito wa kupimia wima), najaza upande wa pili hadi usawa wa ubao, na lipu ikishashika nauhamisha ubao kwa uangalifu ili nimalizie upande uliobaki. Pengo likizidi kina cha sentimita 2 najaza kwa awamu mbili, nikikwaruza tabaka la kwanza ili la pili lipate pa kushika. Baada ya hapo ni kumwagilia kila siku kwa wiki nzima.

Mchangiaji wa Unguja

Kwetu Mji Mkongwe maelezo hayo yangeleta hasara. Nyumba ya marehemu babu imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na fundi wa kwanza aliziba kona ya ngazi kwa saruji. (Mji umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, lakini hilo halimzuii fundi kuja na mfuko wa saruji begani.) Unyevu unaopanda kutoka chini ulikosa pa kutokea, na baada ya masika mbili kiraka kilianguka kikiwa kimeng'oa na jiwe. Mzee aliyeirekebisha alitumia chokaa iliyolowekwa muda mrefu na mchanga usio na chumvi, akapaka tabaka nyembamba moja baada ya nyingine, kila moja ikisubiriwa kwa siku kadhaa. Kazi ilituchosha kwa kungoja, ila kona ipo hadi leo.

Mchangiaji wa Mombasa

Mimi niliweka kona ya chuma yenye matundu ndani ya plasta, karibu na mlango wa bafu. Ilinyooka vizuri sana, kisha kutu ikajitokeza juu ya rangi. Niliing'oa nikaweka ya plastiki.

Mwanzisha mada

Nawashukuru. Jana niligonga kama fundi wa Tanga alivyoeleza, na sauti ya debe tupu ilipanda kutoka kwenye pengo hadi usawa wa swichi ya taa. Nimeshabandua yote, ubao nimeuazima kwa jirani, na tangu asubuhi ninaumwagilia ukuta maji.