Ubao wa taa haupenyi karatasi nzito, nakosea wapi?

KalamuButu: Wakuu salaam. Nina ubao wa taa wa LED wa kunakilia michoro, ule mwembamba wa A4 unaochomekwa USB. Kwa karatasi ya printa nafuatisha mchoro bila shida. Nikiweka karatasi ya rangi za maji ya gramu 300 kwa mita ya mraba, mistari inapotea, nabaki na weupe kama ukungu. Mwanga nimepandisha hadi mwisho. Nitafute ubao mkali zaidi au nimebugi mahali?

MkonoMwepesi: Mkuu, usinunue kitu kwanza. Unachorea wapi, na saa ngapi? Na mchoro wa chini umeuchora kwa nini?

KalamuButu: Mchana, meza iko dirishani. Mchoro ni wa penseli, 2H, ile ngumu yenye mistari hafifu.

MkonoMwepesi: Basi ndiyo hayo. Mwanga wa chumbani unaipiga karatasi kwa juu na kukurudia machoni, ule wa chini unamezwa. Shusha pazia, zima taa. Halafu pitia mchoro kwa kalamu ya wino mweusi, mistari iwe minene. 2H haivuki gramu 300 hata uombe dua.

MamaBrashi: Na kama mchoro ni mdogo kuliko ubao, ziba sehemu iliyobaki kwa karatasi nyeusi. Ule mwanga wa pembeni unasinyaza mboni, halafu unalaumu ubao. Karatasi zote mbili zibandike kwa tepu upande wa juu tu, ili ufunue chini na kukagua bila kitu kusogea.

Mchongameza: Mimi boksi langu la taa nililiunda mwenyewe, mbao na akriliki nyeupe ya maziwa juu. Mara ya kwanza taa nilizisogeza mno kwenye akriliki, nikawa nachora juu ya safu ya vidoa vya mwanga. Nilipozishusha na kupaka rangi nyeupe ndani, mwanga ukatulia.

Kaboni: Mnamzungusha bure. Sugua penseli laini, 4B, nyuma ya nakala ya mchoro, ilaze juu ya karatasi nzito, pitia mistari. Umeme wa nini?

MkonoMwepesi: Inafanya kazi, Kaboni, ila yale masizi ya penseli yakikutana na rangi ya njano yenye maji unapata tope. Kwa wino sawa, kwa rangi za maji hapana.

NegativuBado: Nadandia uzi, samahanini. Ubao huohuo unafaa kupigia picha negativu, zile filamu za kamera za zamani?

Mchongameza: Kutazama, sawa. Kupiga picha, tafuta wenye CRI (kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi kwa usahihi) ya 90 kwenda juu na mwanga mweupe wa karibu kelvini 5000, la sivyo rangi zinapinda. Usiupunguze mwanga: LED nyingi zikipunguzwa zinapepesa, na picha inatoka na mistari. Filamu iinue kidogo, isilale juu ya ubao, maana vumbi la chini nalo litaonekana.

KalamuButu: Mrejesho: nimejaribu usiku huu, taa zimezimwa, wino mweusi, karatasi nyeusi pembeni. Uso wote umeonekana isipokuwa kope. Kope nitachora kwa kukisia.