Kupanga herufi za risasi kwenye makumbusho ya viwanda: mbona zinadondoka?

Mratibu: Wakuu, naandaa ziara ya vijana 10 kwenye makumbusho ambako mgeni hupanga herufi za risasi (vipande vya metali vya kuchapia) mwenyewe, kisha anachapa kwa mashine ya mkono. Tuna muda wa saa mbili tu. Kila mmoja apange maneno mangapi? Na kwa nini fremu inayoshika herufi ikiinuliwa herufi hudondoka?

Mpigachapa: Mistari mitatu yenye herufi 20 hivi inatosha. Muda mwingi huliwa na kutafuta herufi, kwa sababu vyumba vya kasha la kuhifadhia herufi havifuati alfabeti. Tena kasha lililojazwa kwa ajili ya Kiingereza huwa na "k" chache, na Kiswahili kinazila haraka, kwa hiyo hesabuni "k" na "a" kabla ya kuamua maneno.

Kishikio cha kupangia, yaani kitrei ambamo mistari hupangwa, kinakaa mkono wa kushoto. Herufi hupangwa kutoka kushoto kwenda kulia, zikiwa kichwa chini, na ule mkato wa ubavuni utazame juu. Asiyeangalia mkato atachanganya n na u, b na q.

Kudondoka kunatokana na mstari mfupi. Kabari, yaani vibanio vinavyokaza herufi ndani ya fremu, zinabana mistari mirefu tu, ule mfupi unabaki bila kushikwa na chochote. Mstari uliojaa vizuri husimama wenyewe ndani ya kishikio, ila ukiusukuma kwa kidole gumba unasogea. Ukilegea, ongeza nafasi kati ya maneno. Pengo dogo kabisa lizibwe kwa kibamba cha shaba nyeupe au nyekundu. Pointi moja, kipimo cha wapigachapa, ni milimita 0.35 tu, lakini inatosha kuangusha mstari mzima.

Fundi_Kabari: Naongezea. Kaza kabari kwa vidole kwanza, laza ubao bapa juu ya herufi, gonga taratibu kwa nyundo ya mbao, ndipo ukaze kwa ufunguo wa kabari. Ukikaza kabla ya kugonga, herufi iliyopanda itatoboa karatasi na jirani zake zitatoka hafifu. Kisha egemeza kona moja ya fremu juu ya ufunguo na ubonyeze kila mstari. Unaocheza urekebishwe wenyewe. Kuongeza nguvu ya kabari huvimbisha katikati, na hapo ndipo kila kitu kinamwagika.

Mratibu: Asanteni. Wino je? Na risasi haina madhara?

Mpigachapa: Tabaka la wino liwe jembamba. Ukiona matundu ya "e" na "a" yameziba, futa roli ya kupakia wino, usipunguze mgandamizo. Risasi ni sumu ikiingia mdomoni: hakuna kula mezani, na mikono ioshwe kwa sabuni mara tu kazi inapoisha. Herufi zenye unga mweupe zisiguswe, mpeni msimamizi.

Tengeni pia nusu saa ya kusafisha herufi na kurudisha kila moja chumbani kwake. Kundi linaloruka hatua hiyo linawaachia wanaofuata kasha lililovurugika.