MREJESHO: Maabara ya panya au utafiti wa wagonjwa?

Wakuu, habari zenu. Niliuliza hapa: nasoma baiolojia Marekani, nataka kuomba chuo cha udaktari, nina nafasi mbili za utafiti. Moja kwa profesa mwenye jina, maabara ya panya. Nyingine kikundi kidogo kinachofuatilia wagonjwa wa kisukari. Wengi mlisema nifuate jina.

Nimeenda kwa kikundi kidogo. Kilichoamua ni swali la mchangiaji mmoja: nani hasa atakufundisha? Nikawauliza wanafunzi wa yule profesa. Mgeni anaosha vyombo na kupanga pipeti, bosi wanamwona kwenye kikao tu. Sasa huyo atakuandikia barua gani ya mapendekezo?

Huku nilipo naelezea wagonjwa fomu ya ridhaa, kisha naingiza takwimu. Juzi mama mmoja Mkongo hakutaka kusaini mpaka ajue damu yake itaishia wapi. Tukakaa, tukapitia ukurasa kwa ukurasa kwa Kiswahili. Mwisho akakataa, na ni haki yake.

Halafu fomu ya AMCAS, ile ya kuombea vyuo vya udaktari Marekani, ina nafasi 15 za shughuli, herufi 700 kila moja. Zile 3 muhimu zaidi unaongezewa 1,325. Jina la profesa linaisha kwenye mstari mmoja, zinazobaki utajaza nini?

Ila aliyeniuliza inbox kuhusu MD-PhD, yaani udaktari wa tiba pamoja na uzamivu wa utafiti: wewe usiniige. Huko wanataka utafiti wa kina wa muda mrefu, kwa hiyo panya wako wavumilie tu.