Buckler's Hard: kijiji cha manowari au kijiji cha sukari?

MsafiriSolent:
Wakuu, habari za jioni. Niko Southampton mwaka wa nane huu. Jumamosi niliwapeleka wanangu Buckler's Hard, kakijiji kando ya mto Beaulieu, hapa hapa Hampshire. Ni safu mbili tu za nyumba za matofali mekundu zinazotazamana, katikati uwanja mrefu wa nyasi unateremka hadi majini. Hapo ndipo ilipoundwa Agamemnon, manowari aliyoipenda Nelson, yule amiri wa Uingereza, kuliko zote, ikashuliwa mwaka 1781. Wanangu wamerudi wanakariri: mizinga 64, mizinga 64.

Sasa mimi kuna jambo limenikaa kooni. Kijiji kile hakikuanza kwa manowari. Aliyekianzisha ni Duke wa pili wa Montagu, miaka ya 1720, na alikiita Montagu Town. Mfalme alikuwa amempa visiwa vya St Lucia na St Vincent mwaka 1722, naye akataka bandari yake mwenyewe ya kushushia sukari. Sukari ya enzi zile mnajua ililimwa na mikono ya nani. Swali langu: watoto wetu wanaokulia huku waanze kusimuliwa wapi, kwenye meli au kwenye sukari? Karibuni, bila matusi.

KalamuKavu:
Mkuu, sukari ipi? Wafaransa waliwafurusha watu wa huyo Duke kule visiwani kabla hata hawajatulia. Haikuteremshwa Buckler's Hard hata kilo moja. Unataka mwanao asimuliwe ndoto ya mtu iliyokufa?

MwanaMvita:
KalamuKavu, mtu ukimkuta usiku mlangoni kwako na funguo bandia mkononi, utamwambia "pole, ndoto yako imekufa, nenda kalale"?

KalamuKavu:
Nitamkabidhi polisi. Lakini sitaandika kwenye ukuta wa nyumba yangu kwamba hapa paliibwa.

MtotoWaTemeke:
Mimi nilidhani pale ndipo ilipoundwa Victory, ile aliyofia Nelson. Halafu jicho si alilipoteza hapo hapo kwenye vita vya Trafalgar?

MsafiriSolent:
Hapana kaka. Victory iliundwa Chatham, ikashuliwa 1765. Jicho liliharibika Calvi, kisiwani Corsica, mwaka 1794, wakati huo akiwa nahodha wa hiyo Agamemnon. Mkono aliuacha Tenerife 1797. Trafalgar, 1805, aliacha roho. Zilizotoka Buckler's Hard zikapigana Trafalgar ni tatu: Agamemnon, Euryalus na Swiftsure.

MtotoWaTemeke:
Kwa hiyo alikuwa anaisha kidogo kidogo kama sabuni. Endeleeni.

FundiMataruma:
Assalaam alaykum. Nimezaliwa Lamu, nimekulia chini ya majahazi. Nimeona picha alizoweka mleta mada na nina neno moja juu ya ufundi. Wanasema Agamemnon ilikula mialoni zaidi ya 2,000. Watu wanashangaa, mimi sishangai. Mbao za ubavuni hupasuliwa tu kwa msumeno, lakini taruma, yaani mbavu ya ndani ya chombo, hulipindi kwa nguvu, unalikuta limejipinda lenyewe mtini. Marehemu babangu alikuwa akiingia msituni na kigezo begani, anazunguka mti mmoja kama anayeposa, anaweka kigezo kwenye tawi, anatikisa kichwa, anakwenda mwingine. Siku nzima anarudi na matawi mawili. Wale Waingereza walifanya vivyo hivyo New Forest, kwa mataruma mti mnyoofu si kitu, walitaka wenye kibyongo. Yule bwana Henry Adams aliyesimamia pale aliishi miaka 92, mimi namheshimu. Fundi ni fundi.

MwanaMvita:
Sheikh, maneno matamu, lakini mada ni sukari.

FundiMataruma:
Mada ni kijiji. Na kijiji kimeishi kwa shoka, hakikuishi kwa sukari.

Mzalendo_Halisi:
Mnanichekesha. Kila kitu cha Mzungu lazima mkitafutie dhambi. Jeshi hilo hilo la majini si ndilo lililokuja kukomesha biashara ya watumwa Zanzibar? Kama si manowari za Waingereza, soko la Mkunazini lingekuwepo hadi leo. Tuseme asante, tufunge mjadala.

BintiWete:
Tuseme asante?? Wewe kaka umekunywa nini? Bibi mzaa bibi yangu alikuwa akihadithia majahazi yaliyochomwa moto baharini yakiwa na mikoko na papa mkavu, mtumwa hata mmoja hamna. Mabaharia wa manowari walipewa zawadi ya fedha kwa kila jahazi lililohukumiwa kuwa la watumwa. Mpe mtu fedha kwa kila mwizi anayemkamata, uone kama mtaani kutabaki mtu mwema.

Mzalendo_Halisi:
Dada, hadithi za bibi si ushahidi. Manowari ya Uingereza, HMS London, ilitia nanga Zanzibar mwaka 1874 ikakaa karibu miaka 10. Nahodha wake, Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba kwenu Desemba 1881, akikamata jahazi la Hindi bin Hattam, na lilikuwa la watumwa kweli. Huyo naye alifuata zawadi?

BintiWete:
"Pemba kwenu" ndiyo nini? Sema unachotaka kusema.

Mzalendo_Halisi:
Nimesema Pemba. Ni kisiwa, kiko kwenye ramani.

BintiWete:
Umesema KWENU. Kana kwamba watumwa waliletwa kwa ajili ya babu yangu tu. Karafuu za Pemba zilinunuliwa na nani? Babu yangu alikuwa mchumaji, hakuwa na shamba. Usinitwishe mzigo wa mabwana.

KalamuKavu:
Hapo dada ana haki. Ila majahazi mengine yalikuwa yakipeperusha bendera ya Ufaransa makusudi, Mwingereza asiyapekue. Kesi ya majahazi ya Maskati (Muscat) ilifika hadi mahakama ya The Hague, hukumu 1905. Kwa hiyo tusijifanye sote tulikuwa malaika wa papa mkavu.

MwanaMvita:
Nami naongeza: mkataba wa Sultani Barghash wa Zanzibar, Juni 1873, alitia saini huku akitishiwa kuzingirwa na manowari. Biashara ya kuwauza ikafungwa, utumwa wenyewe ukaachwa mpaka 1897, na fidia wakapewa wenye watumwa. Aliyefungwa minyororo hakupata senti. Hilo Waingereza walishalifanya kwao Karibi, pauni milioni 20 kwa mabwana. Asante ya nani hiyo, Mzalendo?

Mzalendo_Halisi:
Naona mmenikusanyikia. Sawa. Lakini mngepewa viza kesho mngekuwa wa kwanza Heathrow.

BintiWete:
Mimi niko Muscat, sihitaji viza yako.

MtotoWaTemeke:
Muscat tena! Mada inazidi kunoga.

MsafiriSolent:
Jamani. Jamani. Nimelala nimeamka nakuta ukurasa wa sita, mara Muscat, mara papa. Niliuliza habari ya wanangu.

Mama_Wawili:
Mleta mada, mimi pia nalea huku. Wangu wa miaka tisa nilimwambia yote mawili ndani ya gari, akauliza, "Sasa huyo Duke alikuwa na meli ngapi?" Watoto huchukua wanachotaka. Ila mimi kilichonishangaza huko ni mto. Eti mto Beaulieu ni mali ya familia moja, mpaka tope la chini. Ndugu zangu, mto una mwenyewe?

KalamuKavu:
Ni kweli. Ukoo huo wa Montagu. Ardhi ilikuwa ya watawa hadi Mfalme Henry wa nane alipowanyang'anya, ikauzwa 1538.

MwanaMvita:
Ahaa! Kwa hiyo hata kabla ya sukari kulikuwa na kunyang'anya.

Mzalendo_Halisi:
Sasa tuanze na watawa. Mungu wangu.

FundiMataruma:
Mleta mada, naomba kitu kimoja ukirudi. Maji yakitupa sana, shuka pale ufukweni walipokuwa wakishua vyombo. Kwenye picha yako ya nne naona magogo yametokeza topeni. Nipigie picha kwa karibu, na uweke kiatu chako pembeni nijue unene. Nataka kuona mteremko waliutia kiasi gani, maana kushua manowari kwenye mto mwembamba vile isipande ng'ambo ni kazi.

MsafiriSolent:
Nitakupigia, fundi. Kiatu namba 43.

BintiWete:
Mzalendo, bado hujajibu.