Tupeane uzoefu: Uliwahi kubadilisha kompyuta ya injini? Ilikuwaje?

Mchanga_wa_Pwani (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Naomba tukusanye hapa visa vya kubadilisha kompyuta ya injini, ile ambayo mafundi wengi huiita kontroli boksi. Naanza na changu, maana kimeniumiza.

Gari langu lilianza kukosa sailensa, yaani ule mzunguko tulivu wa injini gari likiwa limesimama. Likiwa kwenye mwendo ni zima kabisa, ila ukisimama tu mshale wa mizunguko unapanda mpaka 2000, unashuka, unapanda tena, kisha injini inazima. Baada ya siku chache nikasikia harufu ya kitu kilichoungua chini ya dashibodi. Fundi akafungua kompyuta, tukaona kwa macho: chipu moja imepasuka na ubao umebadilika rangi palepale. Hapakuwa na ubishi. Nikatafuta iliyotumika, namba zinafanana mpaka tarakimu ya mwisho, ikafungwa, gari likatulia. Likatulia wiki tatu. Juzi ugonjwa umerudi vilevile, na harufu imerudi.

Kabla sijanunua ya tatu, nataka kuwasikia mliopita njia hii.

Nyundo_na_Bisibisi

Pole sana ndugu. Swali ambalo hujalijibu ni hili: nani aliiua ile ya kwanza? Chipu haipasuki bure. Ndani ya kompyuta kuna transista zinazowasha na kuzima vitu vya nje: koili za plagi, nozeli, mota ya sailensa, vali za giaboksi. Kifaa cha nje kikipiga shoti ndani yake, umeme unaopita unazidi ule ambao transista inaweza kuubeba, inaungua. Ukifunga kompyuta nyingine bila kumtafuta mhalifu, umempa windo la pili.

Kwangu mhalifu alikuwa koili. Gari lilikuwa linamisi (halichomi mafuta sawasawa) silinda namba 2, mashine ya kupimia ikatoa kodi P0352, ya hitilafu ya umeme wa koili ya pili. Nikabadili plagi, nikabadili koili, likaendelea kumisi. Kumbe koili ya zamani ilikwisha kuondoka na transista yake. Kompyuta nyingine ilipofungwa nilibadilisha koili zote nne siku ileile, na huu ni mwaka wa tano sijaligusa tena eneo hilo.

Kwa dalili zako, chomoa mota ya sailensa uipime omu (ukinzani wa umeme). Kama ni ya pini sita, ina koili nne ndani, na pini ya katikati ya kila safu ndiyo inayopokea umeme. Pima kutoka katikati kwenda kulia na kushoto, safu zote mbili. Unapata vipimo vinne, na vyote vinatakiwa vikaribiane sana.

Mama_Gia_Tano

Yangu ilihukumiwa bila kosa. Asubuhi moja gari halikuwaka. Stata inazungusha, lakini taa ya injini haiwaki hata ukifungua swichi, na mashine ya kupimia haizungumzi na kompyuta ya injini. Kompyuta nyingine za gari zilikuwa zinaitika, zote zikilalamika kwa kodi U0100, yaani mwenzao wa injini amepotea. Mafundi wawili kwa nyakati tofauti wakaniambia kompyuta imekufa, tafuta nyingine.

Wa tatu alikuja na multimita tu, kile kipima umeme cha mkononi. Akahakikisha umeme wa betri unafika kwenye soketi ya kompyuta, wa swichi unafika, na hasi zake ni nzima. Kisha akapima ule waya wa volti 5 ambao kompyuta huzilisha sensa (vihisio vya injini). Akakuta sifuri. Hapo akanieleza jambo ambalo sijalisahau: sensa nyingi hunywa kutoka bomba moja la volti 5, kwa hiyo moja ikipiga shoti zote zinakauka, na baadhi ya kompyuta zikikosa hizo volti 5 hazizungumzi kabisa. Ukizitazama utadhani ni maiti.

Akaanza kuchomoa soketi za sensa moja baada ya nyingine, multimita ikiwa palepale. Sensa ya hewa, hakuna. Ya mguu wa mafuta, hakuna. Alipochomoa sensa ya presha ya gesi ya eisii, volti 5 zikarudi na taa ya injini ikawaka dashibodini. Waya wake ulikuwa umesuguana na kishikizo cha feni mpaka ukachunika. Tepu, kishikizo kipya, gari likawaka. Kompyuta ileile iliyokuwa inazikwa ndiyo ninayoendeshea leo.

Ndugu zangu, msikubali neno "imekufa" kutoka kwa mtu ambaye hajapima umeme unaoingia na hasi zake. Nalisema hili kwa uchungu, nilibakiza siku moja nilipe.

Fyuzi_Kumi

Naongezea kwa Mama Gia. Hasi isipimwe kwa omu peke yake, maana waya uliobaki uzi mmoja bado utaonyesha mzuri. Pima volti injini ikizunguka, ncha moja kwenye hasi ya kompyuta na nyingine kwenye hasi ya betri. Ikizidi volti 0.1 kuna kutu au boliti imelegea mahali. Yangu ilikuwa boliti.

Taa_ya_Nyuma

Mimi nina kisa cha upande wa pili, kwa sababu mtu akisoma hapa anaweza kudhani kompyuta haiharibiki. Inaharibika. Gari langu ni la miaka ya 1990. Likiwa baridi linawaka, likipata moto linakata. Niliogopa sana kuigusa kompyuta, nikabadilisha pampu ya mafuta, distribyuta, sensa ya joto la maji, rilei. Miezi mingi imepotea hapo. Siku ilipofunguliwa, harufu ya samaki aliyeoza ikatupiga usoni. Kapasita (vile vikopo vidogo vya kutunza umeme kwenye ubao) zilikuwa zimevuja, na ule ute umekula njia za shaba kwenye ubao.

Hatukununua nyingine. Fundi wa bodi aliondoa kapasita zote, akasafisha kwa spiriti, akaunganisha njia zilizokatika kwa vijiwaya, akaweka kapasita mpya zinazostahimili nyuzi joto 105. Kwa gari la umri huo, kufungua skrubu nne na kutazama ndani kungekuwa jambo la kwanza.

Ufunguo_Mmoja

Kwa wanaonunua zilizotumika, angalieni imobilaiza, ule ulinzi unaozuia injini kuwaka kwa ufunguo usiotambulika. Namba kufanana ni sharti la lazima (kwa Toyota nyingi huanzia 89661, kwa Honda 37820, kwa Nissan 23710, na tarakimu zinazofuata ndizo zinazotofautisha injini na giaboksi), lakini hazitoshi. Yangu ilifungwa vizuri, injini ikawaka sekunde mbili ikazima, taa ya ufunguo inamemeta. Kompyuta ilikuwa bado inamkumbuka mwenye ufunguo wa zamani.

Suluhisho langu lilikuwa kuhamisha kumbukumbu: fundi alisoma ile chipu ndogo ya kumbukumbu kwenye kompyuta yangu mbovu, akaandika yaliyomo kwenye iliyonunuliwa. Ufunguo wangu ukatambulika papo hapo. Kwa hiyo msiitupe ile mbovu wala kumwachia muuzaji kabla gari halijawaka.

Nyundo_na_Bisibisi

Sahihi kabisa. Kwa baadhi ya Toyota unaunganisha pini 4 na 13 kwenye soketi ya kupimia, swichi ikiwa imewashwa, unasubiri dakika 30, kompyuta na imobilaiza zinatambuana. Hakikisha kwanza gari lako linakubali njia hiyo.

Dereva_wa_Usiku

Langu ni fupi. Kompyuta mpya, ikawa inaandikiwa programu, betri ikaishiwa nguvu katikati. Programu ikabaki nusu, kompyuta haikuitika tena mpaka ilipofunguliwa mezani. Chaja ya kushikilia volti iwepo kabla hamjaanza.

Mchanga_wa_Pwani (mwanzisha mada)

Wakuu, nimerudi. Nimepima mota ya sailensa kama alivyoelekeza Nyundo. Kitabu cha gari langu kinataka kati ya omu 28 na 33 kwa kila koili. Nimepata 30, 31, 30, na ya nne 6. Nimerudia mara tatu, ni 6, yaani ina shoti ndani.

Na kwenye ubao wa kompyuta ya pili, chipu iliyopasuka ni ileile ya kwenye ile ya kwanza, mahali palepale. Nilikuwa nazo zote mbili mezani tangu juzi na sikuziweka pamoja kuzitazama.

Mota mpya nimeipima kabla sijaondoka nayo: 31 kote. Kompyuta ya tatu sinunui, fundi wa bodi anabadilisha ile chipu tu kwenye hii ya pili, kisha atafuata njia zake kwenye ubao kuona kama kuna nyingine iliyokatika. Ufunguo una uhusiano na hii hii, kwa hiyo la imobilaiza halinisumbui. Mama Gia, nimeanza pia na hasi ulizosema, Fyuzi Kumi kipimo chako kimenipa volti 0.03.