Akili mnemba na kubuni mafunzo: tubaki na nini mikononi?

Mdau_Nyegezi
Wakuu, naandaa somo la video la kwenye simu kwa wapokea samaki wa mialo (sehemu za kushushia samaki) ya Mwanza: kutunza sangara kwa barafu. Akili mnemba imetoa malengo, maelezo na maswali 20 ya kuchagua jibu, chapuchapu. Mbunifu wa mafunzo anabaki na kazi gani?

Mama_Igoma
Kukagua, na si kazi ndogo. Lengo likisema "aelewe umuhimu wa barafu", futa. Andika kinachopimika: "apange tabaka za barafu na samaki, kilo 1 kwa kilo 1". Kisha maswali. Jibu sahihi mara nyingi ndilo refu kuliko mengine, mtu analipata bila kusoma. Majibu ya kupotosha (yale yasiyo sahihi) nayo huwa ya kipuuzi. Yatoe kwenye makosa halisi ya mwaloni, mfano barafu juu tu, chini hakuna, au maji ya barafu yasiyo na pa kutokea.

Sangara_Mbichi
Nyongeza: usiiache iandike kutoka kichwani. Ipe mwongozo wako, itaje kifungu kwa kila dai, halafu ukifungue mwenyewe. Bila chanzo hujaza pengo kwa maneno matamu. Sauti ya mashine inayosoma somo nayo huweza kutamka namba kwa Kiingereza, hivyo andika "nyuzi nne", si "4°C".

Mdau_Nyegezi
Shukrani. Mtaalamu wa samaki apitie lini?

Mama_Igoma
Kabla ya kutengeneza sauti, ndugu yangu. Kusahihisha maandishi ni dakika moja. Kwenye video unarudia sauti, picha na manukuu.